Nje ya Lango: Picha za Pembezoni mwa Jiji na Macho ya Imani

Kalenda nyingi zinazotundikwa katika nyumba za washarika wetu zina neno la Mungu chini na picha juu. Neno ni la watu wa kila mahali. Picha, mara nyingi, ni ya mahali pa aina moja tu: mlima wenye theluji, maporomoko ya maji, au malisho ya nchi za baridi yenye kondoo weupe kama pamba. Kwaya zetu nazo, zinapotaka kurekodi video, hukodi basi na kuondoka Mbagala au Goba alfajiri, zikaenda kuimba kwenye bustani iliyokatwa nyasi au ufukweni. Na mtu akitaka kuonyesha Kanisa la Kilutheri Dar es Salaam lilivyo, hupiga picha ya Azania Front, mnara wake na vigae vyake vyekundu mbele ya bandari.

Mlima na maporomoko ni kazi ya mikono ya Mungu, na ni haki yake kusifiwa kwa ajili yake. Azania Front nayo ni mama yetu sote. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu, na walio wengi hawaishi mahali panapoingia kwenye kadi za posta. Wanaishi Chamazi, Chanika, Mabwepande na Mbagala, kule lami inakokoma na bodaboda kuanza. Tujiulize basi: picha tunazotundika zinawafundisha nini watu hawa kuhusu mahali anapokaa Mungu? Jambo ambalo hatuthubutu kulitamka mimbarani, ukuta wa sebuleni hulitamka mwaka mzima: kwamba Mungu anakaa kwingine.

Kwa hiyo tunapoona wapiga picha na wachoraji, hapa kwetu na kwingineko duniani, wakiyageukia machimbo, madampo, mabonde ya mafuriko na nyumba zisizokwisha, inafaa Kanisa lisimame kando yao litazame wanachokitazama, kisha liwahoji.

Kwa nini panavuta macho

Chukua machimbo ya Kunduchi. Kuta za mawe meupe zimekatwa, chini kuna dimbwi la maji ya mvua, pembeni kuna vichungu vya kokoto, na kando ya vichungu wameketi akina mama wenye nyundo. Jua la jioni likipiga pale, mwenye kamera hawezi kupita bila kusimama. Uzuri upo, wala hatuna haja ya kuuonea haya. Swali ni unatoka wapi.

Tunadhani unatoka katika ukweli. Bustani iliandaliwa ili itazamwe. Machimbo hayakuandaliwa kwa ajili ya mtu yeyote. Ukilitazama shimo lile unauona upande wa pili wa jiji, kwa maana kila zege la ghorofa la Kariakoo lilitoka katika shimo mahali fulani. Picha ya ufukwe haituambii hilo. Vivyo hivyo nyumba zetu za pembezoni: nguzo ambazo nondo zake bado zinachungulia juu, tofali zilizoota majani, chumba kimoja kilichoezekwa na vingine vitatu vikingoja. Mgeni anaona magofu. Mwenyeji anaona mwalimu aliyenunua mifuko miwili ya saruji kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi. Nondo zile zimeachwa makusudi, kwa sababu mwenye nyumba anatumaini kuendelea.

Sisi Walutheri tunalo la kusema hapa. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Martin Luther alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba. Wa kwanza hupaka mambo rangi, akauita ubaya wema na wema ubaya; wa pili huliita jambo kwa jina lake, kwa kuwa amejifunza kumtafuta Mungu katika mateso ya Kristo, mahali ambapo akili haitegemei kumpata. Picha ya kweli ya pembezoni inaweza kutufundisha macho ya namna hiyo ya pili.

Picha inapokosa jirani

Lakini si kila picha ya mahali palipoachwa ni ya kweli. Zipo zinazopenda uchakavu na kumsahau mchakavu. Mtu aliye mbali huona moshi wa dampo kuwa kama ukungu mzuri wa asubuhi. Mkazi wa jirani anaujua kwa kikohozi cha mtoto. Dimbwi la machimbo lililong'aa katika picha ndilo linalomnyima mama usingizi siku za likizo, watoto wanapokwenda kuogelea.

Tuwalinganishe wapiga picha wawili wa mbali. Eugène Atget wa Ufaransa, kuelekea mwaka 1913, alipiga picha za waokota matambara na makaratasi waliokuwa wakiishi katika vibanda nje ya kuta za Paris. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, kwa hiyo hakuweza kuiba picha akakimbia. Katika picha zake nyingi watu wamesimama mbele ya makazi yao wakimtazama, kama wenyeji wanavyomtazama mgeni aliyebisha hodi.

Karibu miaka mia moja baadaye Pieter Hugo wa Afrika Kusini alikwenda Agbogbloshie, Accra, mahali ambapo vijana walichoma nyaya za kompyuta chakavu ili wapate shaba. Picha zake zina nguvu. Vijana wamesimama wima katikati ya majivu, macho yao yanakukabili, na majina ya baadhi yao yameandikwa katika anwani za picha. Tunamshukuru kwa majina hayo. Hata hivyo kuna kitu tunakikosa: katika picha hizo hatuwaoni wakila, wakisali wala wakirudi nyumbani. Wako jalalani daima, kana kwamba walizaliwa humo. Ayubu aliketi katika majivu, lakini Biblia haikumwanzia hapo wala haikumwachia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo picha, hata iliyo njema, haiwezi kulisema peke yake: nani ameamua pawe hivi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki mahakamani halmashauri ya jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaumiza, na wakashinda. Ulikuwa ushindi wa haki. Lakini taka za jiji hazikukoma. Zilihamia Vingunguti, baadaye Mtoni kule Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara pembezoni iliposogea mbele, dampo lilisogea nayo. Na Bonde la Msimbazi, ambalo mto wake unaanzia milima ya Pugu, lilipofurika Desemba 2011 na kuua watu zaidi ya 40, manusura wengi walihamishiwa Mabwepande, pembezoni zaidi. Mahali palipoachwa hapajiachi penyewe. Pameachwa na watu, kwa maamuzi, na taka zetu sisi wenyewe zimo katika lori lile.

Mchoraji wa Msasani na mchoraji wa Marangu

Sanaa ya kwetu imefanya nini na pembezoni? Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akiishi Msasani, ambayo wakati huo ilikuwa kando ya mji. Vifaa vyake vilikuwa vya mtaani: mbao za dari na rangi ya baiskeli. Lakini Msasani yenyewe haimo katika picha zilizompa jina. Mna chui, tembo na ndege, na mara nyingi nyuma yao hakuna ardhi yoyote, ni rangi tupu. Hatumlaumu. Alikuwa na familia ya kulisha, na mnunuzi wa Oysterbay alitaka mnyama wa mbugani. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Mtu aliyeipa nchi picha zake mashuhuri kuliko zote hakutambulika alipokuwa njiani usiku. Tunaona uhusiano kati ya mambo haya mawili: jamii isiyozoea kutazama mitaa fulani haiwatambui watu wa mitaa hiyo.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichukua njia nyingine. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa, ubatizo, chakula cha mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, vyote aliviweka katika vilima na mito ya Ukikuyu. Waumini walioingia kusali waliona Bwana akizaliwa na kufa katika ardhi ileile ambayo vita vilikuwa vimeijaza hofu. Njau hakuipamba nchi ile ili imfae Kristo. Alimleta Kristo ndani yake. Kwa maoni yetu hilo ndilo jibu bora ambalo sanaa ya Afrika Mashariki imelitoa kwa swali letu, na linapatana na Waebrania 13:12-13, panaposema kwamba Yesu aliteswa nje ya lango la mji, na kwamba nasi tumwendee huko. Maandiko hayatuagizi tumtazame huko kutoka mbali.

Basi picha ya pembezoni tuipime kwa swali moja: baada ya kuitazama, je, jirani yangu amekuwa karibu zaidi, au nimepata pambo tu? Ikinifanya nimuulize yule mama wa kokoto jina lake na bei anayolipwa kwa ndoo, imefanya kazi ya injili. Ikinifanya nisifu rangi ya vumbi lake nikaendelea na safari, imeniibia.

Vijana wetu wenye simu na kamera wanaweza kuanza mwaka huu. Kwaya irekodi wimbo mmoja katika uwanja wake wenyewe, mbele ya kanisa ambalo bado halina madirisha. Kamati ya usharika inapoagiza kalenda ijayo, iweke miezi kumi na miwili ya mtaa wetu: korongo, kisima, soko la jioni, machimbo, nyumba yenye nondo, kwa ruhusa ya wahusika na kwa majina yao wakipenda. Yakobo alilala nyikani, jiwe likiwa mto wake, na alipoamka alikiri kwamba Bwana alikuwa mahali pale naye hakujua. Mawe kama lile tunayo mengi Kunduchi. Tuyaweke juu ya neno, mwezi Januari.