Damu Isiyogawanyika: Lawama ya Kifo cha Mfalme Duncan Katika Usomaji wa Kwale

Utangulizi

Tamthilia ya Macbeth ya William Shakespeare iliandikwa yapata mwaka 1606 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1623. Msomaji wa Kiswahili aliipata kwa jina la Makbeth katika tafsiri ya S.S. Mushi ya mwaka 1968. Swali ambalo wahakiki na wanafunzi wamelirudia mno kuhusu tanzia hii ni moja: nani alaumiwe kwa kifo cha Mfalme Duncan? Jibu la kawaida huigawa lawama mafungu matatu, la wachawi, la mke na la Macbeth mwenyewe, kisha huyapima mafungu hayo ili kuona lipi lina uzito zaidi.

Makala haya yanadai kuwa mizani hiyo ina kasoro. Inachukulia kwamba lawama ya mmoja ikizidi, ya mwenzake hupungua. Ili kuitathmini dhana hiyo, tamthilia itasomwa kutoka Kwale, katika ukanda wa Diani na Msambweni, ambako jamii ina mapokeo mawili ya kulizingatia suala la damu iliyomwagwa na wengi, na ambako desturi ya kumsaka mchawi wa kubebeshwa lawama imegharimu maisha ya watu.

Mapokeo mawili kuhusu damu

Katika desturi za kale za Wamijikenda, ambao Wadigo ni sehemu yao, mauaji hayakuwa deni la muuaji peke yake. Ukoo wake uliutolea ukoo wa marehemu fidia ya damu iliyoitwa kore. Waliomlea muuaji na kuketi naye walishiriki kulipa hata kama hawakushika silaha.

Pokeo la pili ni la sheria ya Kiislamu, ambayo katika pwani hii hufuata zaidi madhehebu ya Shafii. Wanazuoni hutofautisha anayetenda kwa mkono wake na anayesababisha. Hata hivyo, watu kadhaa wanaposhirikiana kumuua mmoja, hukumu haikatwi vipande. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar aliwahukumu kifo watu kadhaa walioshiriki kumuua mtu mmoja, akasema kwamba lau watu wote wa Sanaa wangalishirikiana katika tendo lile, wote wangalihukumiwa vivyo hivyo. Kila mshiriki hubeba mzigo mzima. Kwa hiyo, pokeo la kwanza linauliza nani washiriki kulipa, na la pili linakataa mshiriki yeyote asijifiche nyuma ya mwenzake.

Watatu wa nyikani

Neno "wachawi" linalotumika madarasani limekwisha kutoa nusu ya hukumu. Katika matumizi ya Kiswahili, na hasa pwani, mchawi ni mtu anayedhuru na kuua kwa siri. Mpiga ramli, au mpiga mburuga kama aitwavyo na Wamijikenda, ni mtu mwingine kabisa: kazi yake ni kufichua na kutabiri. Wale watatu wanapokutana na Macbeth hutenda kazi ya ramli. Wanamtabiria ufalme, lakini hawamtaji Duncan wala jambia. Aidha, Banquo anasikia bishara njema juu ya kizazi chake mahali pale pale, naye hamuui mtu. Mshtuko wa Macbeth, ambao Banquo anauona na kuushangaa, unaashiria kwamba utabiri umegusa kitu kilichokuwa tayari moyoni. Watatu hawa si watu wema, na baadaye wanampoteza kwa makusudi kwa maneno yenye ndimi mbili. Hata hivyo, nia ya kuua haikutoka midomoni mwao.

Mume na mke

Fungu la Bibi Macbeth limekuzwa mno na wahakiki waliotafuta mwanamke wa kutwikwa mzigo. Katika onyesho la saba la sehemu ya kwanza, yeye mwenyewe anamkumbusha mumewe kwamba ndiye aliyelianzisha shauri hilo, tena kabla ya wakati na mahali pa kulitekeleza kupatikana. Macbeth naye hakosi elimu ya kosa lake. Anajihesabia kwamba Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake na ni mgeni nyumbani mwake. Kwa msomaji wa Msambweni hoja ya tatu haihitaji ufafanuzi.

Hayo hayampunguzii mke chochote. Yeye ndiye anayewalevya walinzi, anayeyaweka majambia tayari na kuyarudisha chumbani, na anayewapaka walinzi damu. Mmoja alichoma na mwingine akaandaa. Jaribio la kukokotoa asilimia ya kila mmoja linapuuza ushirika wao, ambao ndio uliolifanya tendo liwezekane.

Waliojua wakanyamaza

Mhusika anayeivuruga zaidi mizani ya mafungu matatu ni Banquo. Katika tarehe ya Raphael Holinshed, iliyotolewa mwaka 1577 na tena mwaka 1587, Banquo ni mmoja wa wasiri wa Macbeth katika njama ya kumuua Duncan. Shakespeare aliiandika tamthilia wakati Uingereza ikitawaliwa na James wa Kwanza, aliyeshika kiti mwaka 1603 na aliyehesabiwa kuwa wa uzao wa Banquo. Inaeleweka, basi, kwamba mkono wa Banquo ulisafishwa. Lakini kimya chake hakikusafishwa. Mwanzoni mwa sehemu ya tatu anakiri peke yake kwamba anamshuku Macbeth kuupata ufalme kwa hila chafu. Badala ya kusema, anatumaini kwamba bishara yake nayo itatimia.

Wengine hawako mbali naye. Macduff anakataa kwenda Scone kumtawaza mfalme mpya, akarejea kwake Fife. Ross anakwenda. Katika mwisho wa tamthilia, Ross yumo miongoni mwa washindi, na Malcolm anawapandisha mabwana zake cheo, huku akiwataja wawili tu kuwa wahalifu: mchinjaji na malkia wake. Kwa mujibu wa mantiki ya kore, hesabu hiyo haijakamilika. Ukoo mzima wa watawala ulimtawaza muuaji na kula karamuni pake. Sasa unatoa kichwa kimoja na kujihesabu umelipa.

Lawama kama silaha

Kwa hakika, tanzia hii inaanza na kwisha kwa lawama iliyotupwa mahali penye manufaa. Wa kwanza kulaumiwa ni walinzi wawili wasio na mtetezi, ambao Macbeth anawaua kabla hawajafungua kinywa. Wanaofuata ni wana wa mfalme, kwa kuwa walikimbia.

Hapa ndipo usomaji wa Kwale unapopata uzito usio wa darasani tu. Katika kaunti za Kwale na Kilifi kumeripotiwa mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo hutajwa ugomvi wa ardhi na urithi baina ya jamaa. Mzee hulaumiwa kwa kifo asichokisababisha ili anayekitaka kiwanja asiulizwe lolote. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba "wachawi ndio waliomponza Macbeth" anafundishwa, bila mwalimu kukusudia, kuuamini utetezi wa aina hiyo hiyo.

Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba lawama ikisambazwa kwa wote hatabaki mwenye hatia. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu iwapo kusambaza kungekuwa sawa na kupunguza. Mapokeo ya Kwale yanaonyesha vinginevyo: Macbeth anabeba damu ya Duncan nzima, mkewe anaibeba nzima, na walionyamaza wana deni la kore ambalo pazia linaanguka kabla halijalipwa. Swali linalofaa kuwekwa mbele ya mwanafunzi, kwa hiyo, ni nani katika tamthilia hii ananufaika kila lawama inapoelekezwa kwa mwingine.