Mnazi na Kufuli: Kuisoma Upya Sauti ya Dhiki

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla imezoeleka kusomwa kama ushahidi wa ushujaa. Kisa chake wapenzi wa ushairi wanakijua: mwaka 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22 aliandika waraka wa siasa, Kenya: Twendapi?, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akatengwa peke yake, na mashairi akayaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Wahakiki wengi wamezishika beti za msimamo, wala hawakukosea. Lakini sifa hiyo ina upungufu. Mshairi husifiwa kama dhahabu iliyotiwa motoni ikatoka safi, na msifuji hajiulizi tanuri lile humchoma nani siku ambazo hamna mshairi ndani yake. Mfungwa wa siasa huvishwa koja. Mwizi wa nazi aliye chumba cha pili hana amtajaye.

Katika miaka hiyohiyo Angela Davis alikuwa mahabusu Marekani. Alikamatwa Oktoba 1970, na Juni 1972 mahakama ikamwona hana hatia. Mwaka 2003, katika kitabu chake Are Prisons Obsolete?, aliuliza iwapo jela yenyewe haijapitwa na wakati. Hadai kuwa milango yote ifunguliwe kesho asubuhi. Anadai kuwa jela huificha jamii yale iliyoshindwa kuyatengeneza: umasikini, ubaguzi, skuli mbovu, maradhi yasiyotibiwa. Yakitengenezwa hayo, na suluhu ikakaa pahala pa kisasi, haja ya kufuli itapungua hadi itoweke.

Swali hilo likipelekwa kwenye diwani, shairi linalojitokeza mbele ni "Mnazi: Vuta n'Kuvute". Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mmoja yu juu, mwenzake yu chini anadai haki yake. Limefasiriwa kuwa ni fumbo la Kenya baada ya uhuru, na tafsiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, pwani mnazi ni mnazi pia. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani ya Kenya wadai ardhi zao kwa maandishi. Isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Wengi waliolima kwa desturi, hasa Wamijikenda, wakaamka maskwota. Mjukuu wao akiangua nazi akaitwa mwizi, kosa lake lilitungwa kabla hajazaliwa.

Uzururaji nao ni vivyo hivyo. Sheria zilizorithiwa kwa mkoloni humwadhibu mtu kwa kutokuwa na kazi wala makazi. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni kuwa sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Umasikini haukuwa jinai mpaka ulipoandikwa kuwa jinai.

Wala gereza si kongwe pwani kama mnazi. Jina lenyewe limetoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho. Kilichoanzishwa na watu kina siku ya kukoma.

Kwa sababu hiyo "Mnazi" lina uzito kuliko linavyopewa. Mtunzi aliye nyuma ya kufuli anatunga ugomvi wa mali, wala hamwiti askari. Wagomvi ni ndugu, na kila mmoja analazimika kumsikiliza mwenzake hadi amalize ubeti wake, na kumjibu. Hawapatani kwa wepesi. Lakini hakuna anayetolewa akafichwa ili ugomvi uonekane umekwisha.