Hewa kwanza, kufuli baadaye

Joto la Julai linapozidi kusini mwa Marekani, wakufunzi wa mbwa wa kuwinda kware wa Georgia na Alabama hufunga tela la vizimba vya mbwa nyuma ya pikapu na kushika njia ya kaskazini, hadi mbuga za North Dakota. Huko kuna ubaridi, na mbwa aina ya pointer na setter wanapata uwanda wa kukimbia. Ni safari ndefu, na kipande chake kibaya ni cha mwanzo, kwa kuwa mbwa bado wamo ndani ya joto lile lile wanalolikimbia.

Mnunuzi wa tela kwa kawaida hutazama mng'ao wa alumini na uimara wa kufuli. Kufuli zina maana, kwani mbwa aliyefunzwa vizuri ni mali na huibwa. Lakini mimi ningeanza na matundu ya hewa.

Mbwa hana jasho la kumfaa, ila kidogo nyayoni. Hupoa kwa kutweta: unyevu wa ulimi na koo hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Ndani ya kizimba kisichopitisha hewa mvuke huo hauna pa kwenda, na hewa ikishashiba unyevu, kutweta hakumpozi tena. Kinyume chake, kazi ya kutweta yenyewe inamwongezea joto. Kawaida yake ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Akipita 41, ubongo, figo na utumbo vimo hatarini. Ndiyo sababu mkufunzi makini hamrudishi kizimbani mbwa aliyetoka mbioni. Humfunga kwanza kivulini kwenye mnyororo, akanywa maji kidogo kidogo, akapumua, akakauka.

Tela likiwa mwendoni, upepo huingiza hewa bure. Hatari iko kituo cha mafuta, dereva anapoingia kununua kahawa na jua linachoma bati. Kwa hiyo milango miwili kwa kila kizimba si anasa: wa nje mzima, wa ndani wa nondo. Wa nje hufunguliwa, hewa ikapita, na mbwa hatoki.

Majira ya baridi kosa hugeuka. Watu huziba matundu ili mbwa wasigande, huku moshi wa pikapu ukizunguka kwenye nafasi iliyo kati ya gari na tela. Tundu la chini, ukutani mbele, linaloangaliana na bomba la moshi, huumeza wote. Kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huo haina harufu wala rangi, na mbwa aliyelala hatabweka kuomba msaada. Matundu yawe juu, ubavuni, na mdomo wa bomba uelekezwe mbali nayo. Joto litunzwe kwa kuta zenye tabaka mbili na majani makavu ya ngano, wala si kwa kuziba hewa.

Uzito nao una kanuni yake: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa ikae kwenye ndoano ya gari. Ikipungua, tela huyumba. Tangi la lita 60 za maji likifungwa nyuma kabisa linatosha kuharibu hesabu hiyo kwenye tela dogo, na tela likiyumba mbwa ndio wanaopigizwa ukutani. Zulia la mpira huwasaidia kushika sakafu. Kola zivuliwe kabla ya kupakia, maana hunasa. Chakula kingojee jioni, safari imekwisha na mbwa wametulia. Hawa wenye vifua virefu hupatwa upesi na tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloua ndani ya saa chache.

Siku hizi wengine huweka kipimajoto ndani ya tela na kukisoma kutoka usukani. Vizuri, ila wengi hukiweka karibu na mlango, palipo rahisi kukifunga. Kifungwe kwenye kizimba cha katikati, chenye mbwa kulia na kushoto, usawa wa pua ya mbwa aliyelala.