Gatka: Anza Kutazama Chini

Shabiki wa timu ya Mazembe ya Lubumbashi aliyekulia jirani na uwanja wa Kamalondo hamkodolei macho mwenye mpira peke yake. Humwangalia na yule anayekimbilia nafasi. Jicho la namna hiyo ndilo linalohitajika mbele ya gatka, mchezo wa fimbo wa Masingasinga. Mgeni hunaswa na fimbo inayozungushwa hadi inapotea machoni. Kuzungusha si kazi. Kazi iko miguuni.

Ukitoka Lubumbashi kwenda Nairobi mwezi wa Aprili, utaukuta mchezo huu barabarani, katika msafara wa Vaisakhi, sikukuu inayokumbusha kuundwa kwa Khalsa, udugu wa Masingasinga walioapishwa, mwaka 1699. Baadhi ya wachezaji ni wa vizazi vya mafundi waliokuja na reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Gurdwara ya Makindu, hekalu lao la mwaka 1926, iko kando ya reli hiyo na hadi leo inalisha wasafiri bure. Watu watano hutangulia msafara na panga wazi. Hao hawachezi, kwa hiyo usiwangoje.

Sasa tazama chini. Hatua za msingi huitwa pentra: mbele, nyuma, upande, magoti yamelegea kidogo, mkono na mguu vikienda pamoja. Mwanafunzi hupiga kwanza, kisha mguu ukafuata. Fundi hufika na pigo lake. Anaposukumwa nyuma harukiruki. Hatua zake hupungua urefu, kiwiliwili kikabaki wima. Nikishaona hivyo, mimi sihitaji kuona zaidi ili nijue amefunzwa na mwalimu wa kweli.

Baada ya miguu, mkono wa kushoto. Ndio unaoshika farri, ngao ndogo ya duara yenye upana wa sentimita 23 hivi. Ngao ya kiasi hicho haifichi mwili, kwa hiyo mwenye nayo hulazimika kuipeleka kwenye pigo mapema. Anayeibana kifuani bado ana woga. Anayeitupa mbali sana atapigwa ubavuni, na mara nyingi hupigwa kweli.

Fimbo yenyewe, soti, ina urefu wa mita moja hivi, na mpini wake umezingirwa na kinga ya vidole. Ukiruhusiwa kuishika, ilaze kwenye kiganja na uikague kwa urefu: iwe imenyooka, isiwe na ufa, nyuzi za mti zisikatike katikati. Rangi nzuri si kitu. Zikigongana fimbo mbili nzima, mlio ni mkavu na mfupi. Yenye ufa hutoa mlio uliopasuka.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni pigo lisilofika. Fundi huipeleka fimbo kichwani kwa mwenzake kwa nguvu zote, kisha huisimamisha karibu na kilemba, bila mkono kutetemeka. Hapo ndipo unapomjua anayetawala silaha na anayetawaliwa nayo. Wa Lamu wataelewa haraka, maana kwenye kirumbizi, mchezo wao wa fimbo, nako bakora hukutana katikati ya zumari na ngoma, na anayepiga kwa hasira huonekana mshamba.

Kuna vikundi vinavyovunja nazi kwa upanga huku macho yamefungwa, au kulala juu ya misumari. Umati hupiga kelele, watoto hufurahi, na sioni ubaya. Lakini hayo ni maonyesho ya ujasiri. Hayakwambii lolote kuhusu ufundi wa fimbo. Afadhali uangalie wanavyoanza: silaha zimepangwa chini, kila mmoja akiinama mbele ya silaha hizo kabla ya kugusa yake. Kikundi kinachoharakisha hapo, mara nyingi huharakisha na kwingine.

Usisimame karibu na ngoma, kwa sababu mdundo hukusahaulisha kutazama. Tafuta kona ambapo msafara unapinda na kusimama kidogo, chagua wachezaji wawili tu, uwafuate miguu tangu wanapoinama hadi wanapomaliza.