Kung'oa Thabai Kwenye Boma la Zamani

Katika nyanda za juu za Kenya, thabai, mmea wa kudumu wenye majani yanayowasha ambao wataalamu huuita Urtica massaica, hushamiri ukingoni mwa misitu na, zaidi ya hapo, mahali palipokuwa na boma la ng'ombe, ambapo samadi na mkojo wa miaka mingi vimeacha naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Mkulima anayekuta kona ya bustani imemezwa na thabai huwa ameonyeshwa, kabla hajashika panga, mahali penye rutuba.

Ugumu wa gugu hili umo chini ya ardhi. Thabai ina mashina yanayotambaa ndani ya udongo, ambayo hutofautiana na mizizi kwa kuwa yana vifundo, na kifundo chochote kinaweza kuchipua mmea mpya. Panga huondoa majani na kuacha akiba ya chakula iliyomo katika mashina hayo, ilhali plau huzidisha balaa, kwani huyakata na kuyatawanya vipande vinavyoota kila kimoja kivyake. Ufyekaji wenye tija, basi, ni ule wa kurudiarudia, kwa sababu mmea unaolazimika kuchipua upya hutumia akiba yake, na ukikatwa tena kabla majani hayajairudisha, na kabla mbegu hazijakomaa, hudhoofika.

Lipo pia suala la ngozi. Kinywele cha thabai ni mrija ulioimarishwa kwa silika, madini yanayotengenezewa kioo, na nchani kina kivimbe kidogo ambacho kikiguswa humeguka kwa mshazari, kikabakiza makali ya sindano yanayopitisha majimaji. Maumivu yake yalihusishwa kwa muda mrefu na asidi ya fomiki, lakini mwaka 1947 Emmelin na Feldberg, waliochunguza Urtica urens, ndugu wa mmea huu, walionyesha kuwa majimaji hayo yana histamini na asetilikolini, kemikali ambazo hata mwili wa binadamu huzitengeneza. Glavu nzito na gambuti ni vifaa vya lazima, ingawa kijijini mwenye glavu hakosi wa kumcheka.

Mmea ukishadhoofika, ung'oaji hufanywa udongo ukiwa na unyevu wa mvua, kwa jembe la meno, kwa kuwa la bapa hukatakata. Meno huingizwa mbali kidogo na shina, na kwa vile mashina yanayotambaa hayaendi chini sana, hunyanyuka yakiwa yameshikana. Vipande huokotwa kwa mkono, hata vidogo vya urefu wa kidole, vikaanikwa hadi vikauke kabisa. Majani yaliyofyekwa kabla ya mbegu huingia kwenye mboji au hulowekwa pipani yawe mbolea ya maji, na machipukizi machanga huchemshwa, jambo linaloondoa mwasho, yakapondwa pamoja na viazi katika mukimo. Glaifosati, dawa inayofyonzwa na majani ikashuka hadi mashina ya chini, hufanya kazi, lakini katika kona ndogo humnyima mkulima mboga na mboji kwa pamoja.

Mbegu zilizosalia udongoni huota baada ya mvua, na miche hiyo hung'oka kwa urahisi ikiwa bado michanga. Kona hiyo haifai kuachwa wazi: maboga, ambayo hula rutuba nyingi na kuifunika ardhi kwa majani mapana, huipokonya miche ya thabai mwanga.