Sifa ya Mtangazaji

Katika kazi ambazo riziki yake hutoka kinywani, utangazaji wa muziki ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwani mtu hawi hodari wa kazi hiyo mpaka ajue mengi na aridhike kuyasema machache.

Norman Ross wa Marekani aliifikia fani hii kwa njia ya maji. Mwaka 1920, katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp, ambako waogeleaji walishindana katika maji baridi ya handaki la kale la mji, alitwaa nishani 3 za dhahabu: ya mita 400, ya mita 1500, na ya kuogelea kwa kupokezana, aliyoipata pamoja na Duke Kahanamoku wa Hawaii na wenzao wawili. Waogeleaji wa masafa marefu wana kanuni moja isiyovunjwa: ainuaye kichwa kutafuta pumzi huzamisha kiuno na miguu, akapungukiwa mwendo, ilhali akilazaye kichwa, akatoa pumzi ndani ya maji, kisha akageuza uso ubavuni kwa lahadha moja tu ya kuvuta hewa, husonga mbele bila ya kushindana na maji yanayombeba.

Adabu hiyo ya kujishusha ili kazi itangulie ndiyo roho ya utangazaji pia. Huko Chicago, Ross akawa sauti maarufu ya redio, akiwapigia wasikilizaji asubuhi muziki wa mabingwa wa Ulaya katika kipindi kilichogharimiwa na kampuni ya reli na kupewa jina la garimoshi lake, 400. Zama hizo santuri ya inchi 12 ilichukua dakika 4 au 5 tu kwa upande mmoja, hata simfoni moja ikahitaji santuri kadhaa. Na katika mianya ya kubadilisha santuri mtangazaji dhaifu alishawishika kujaza maneno, lakini fundi alimtaja mtungaji, kazi yake na wapigaji, akashusha sindano, akanyamaza.

Ross alifariki mwaka 1953. Nami naona insafu kwamba taadhima tunayompa mshindi wa mashindano, ambaye ushindi wake huonekana na kila jicho, tumpe vilevile mtangazaji ambaye ufundi wake haupimwi kwa saa wala kwa nishani, bali kwa utayari wa msikilizaji kuupokea muziki unapoanza.