Jengo Moja, Mauzo Mawili: Merchandise Mart Kando ya Mto Chicago

Mwezi Julai 1945, vita ya Pasifiki ikiwa bado haijaisha, kampuni ya Marshall Field ya Chicago iliuza jengo lenye ukubwa wa takriban mita za mraba 370,000 kwa karibu dola milioni 13. Kulijenga kuligharimu angalau mara mbili ya fedha hizo. Mnunuzi alikuwa Joseph P. Kennedy, balozi wa zamani wa Marekani nchini Uingereza, ambaye alitoa sehemu ndogo tu mfukoni. Zilizobaki zilikuwa mkopo wa kampuni ya bima ya Equitable. Mwaka 1998 familia yake iliuza jengo hilohilo, likiwa katika fungu moja na mali nyingine chache, kwa karibu dola milioni 625.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya tajiri mjanja aliyempunja muuzaji aliyesinzia. Masimulizi hayo yanatunyima somo. Muuzaji wa 1945 alikuwa macho na hesabu yake ilisimama. Mnunuzi naye alikuwa na hesabu yake, ila hawakuwa wakihesabu kitu kimoja. Anayetaka kuuza godauni lenye ofisi, liwe kubwa au dogo, atafaidika akizifuata hesabu zote mbili hatua kwa hatua, kwa sababu zinaonyesha bei ya mali ya namna hii inatoka wapi hasa: kwenye mikataba ya wapangaji na tarehe ya kila mkataba kwisha. Kuta na paa huja baadaye.

Mali yenyewe

Merchandise Mart linasimama ukingo wa kaskazini wa Mto Chicago, karibu na Wolf Point, mahali matawi ya mto huo yanapokutana. Katika miaka ya 1920 Marshall Field ilikuwa na maghala 13 yaliyotawanyika mjini. James Simpson, rais wa kampuni, aliyekuwa pia mwenyekiti wa tume ya mipango ya jiji, aliona heri yote yaingie chini ya paa moja. Ujenzi ulianza 1928, na milango ikafunguliwa tarehe 5 Mei 1930. Lilikuwa jengo lenye eneo kubwa la sakafu kuliko yote duniani, hadi Pentagon ilipokamilika 1943.

Ndani yake zilikutana kazi tatu: ghala la bidhaa, vyumba vya maonyesho ambamo wauza jumla waliwaonyesha wenye maduka samani, mazulia na vitambaa, na ofisi. Mwenye duka kutoka mji mdogo wa Iowa aliweza kuingia asubuhi, akapanda ghorofa moja hadi nyingine, na kufikia jioni akawa ameagiza mzigo wa msimu mzima. Mto ulikuwa mbele, reli ilikuwa chini, na kituo cha treni ya abiria ya mjini kilipakana na jengo.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi yeyote angelichunguza kabla ya kutia sahihi. Kiwanja kilikuwa mali ya reli ya Chicago and North Western, palipokuwa na stesheni yake ya zamani ya Wells Street. Reli ilitaka kuendelea kupitisha mabehewa ya mizigo, kwa hiyo haikuuza ardhi yote. Iliuza anga juu ya mstari fulani wa kimo, pamoja na vipande vidogo vya ardhi vya kusimamishia nguzo na misingi, vilivyopimwa kimoja kimoja kati ya njia za reli. Huko Chicago vimo vya namna hii hupimwa kuanzia alama rasmi ya jiji, inayotokana na kina cha chini cha maji ya Ziwa Michigan mwaka 1847. Hati ya jengo hili basi ilikuwa ramani ya tabaka, na mtu aliyezoea kusoma mipaka ya mashariki na magharibi peke yake asingejua ananunua nini.

Hesabu ya muuzaji

Jengo lilifunguliwa uchumi ukiwa unaporomoka. Biashara ya jumla ya Marshall Field, ambayo ndiyo sababu ya jengo kuwepo, ilikuwa inadhoofika tangu kabla ya hapo, maana magari na barabara mpya ziliwawezesha wenye maduka kununua moja kwa moja viwandani. Mwaka 1935 bodi ilimleta James O. McKinsey kuwa mwenyekiti, na chini yake sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikatwa. Kampuni ikabaki na jumba kubwa kupita mahitaji yake. Wakati wa vita nafasi nyingi zilichukuliwa na ofisi za serikali, zikilipa kodi ya pango ya chini.

Sasa angalia mwaka wa mauzo. Tangu 1940 Marekani ilitoza makampuni kodi maalumu juu ya faida iliyopanda wakati wa vita, na kufikia 1944 kiwango chake kilikuwa asilimia 95 ya faida hiyo ya ziada. Sheria ya mapato ya 1942 nayo ilikuwa imeruhusu hasara itokanayo na kuuza jengo la biashara kupunguzwa kikamilifu kwenye mapato ya kawaida ya kampuni. Ziweke sheria hizo mbili pamoja. Jengo lilikuwa limeandikwa vitabuni kwa thamani iliyo juu sana ya bei ya soko, na kila dola ya tofauti hiyo ilikuwa hasara ambayo serikali ingesaidia kuibeba.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni inauza kwa hasara ya dola milioni 10 katika mwaka ambao kodi ingekula asilimia 80 ya faida yake. Hasara hiyo inaiokolea dola milioni 8 za kodi. Anayeangalia bei peke yake ataona imeuza kwa hasara, ilhali mtunza hesabu anaona mauzo yameleta fedha mara mbili, kwanza kutoka kwa mnunuzi, kisha kwenye kodi isiyolipwa. Kodi ile ya vita ilifutwa kuanzia mwanzoni mwa 1946. Kwa hiyo Julai 1945 mlango ulikuwa unafungwa, na anayeuza mlango ukifungwa hangoji bei ya juu kabisa.

Kwa hiyo nasema muuzaji hakulala. Aliuza mali isiyoendana tena na kazi yake, katika mwaka ambao hasara ilikuwa na thamani kubwa kuliko mwaka wowote ambao ungefuata.

Hesabu ya mnunuzi

Gawanya bei kwa eneo: dola milioni 13 kwa mita za mraba 370,000 ni takriban dola 35 kwa mita moja. Kwa bei hiyo hakuna ambaye angeweza kujenga jengo kama hilo tena. Lakini Kennedy hakununua kwa sababu ya bei ya mita. Alisoma orodha ya wapangaji.

Wapangaji wa serikali waliokuwa wakilipa kidogo walikuwa humo kwa sababu ya vita, na vita vikiisha wangeondoka. Muuzaji aliiona nafasi hiyo kama vyumba vitakavyobaki tupu. Mnunuzi aliiona kama vyumba vitakavyoachiliwa. Nje walikuwa wakisubiri watengenezaji wa samani na vifaa vya nyumbani, ambao biashara yao ingefufuka mara tu askari watakaporudi, waoe na kutafuta nyumba. Ndivyo ilivyokuwa. Ofisi za serikali zilipisha, vyumba vya maonyesho vikaingia kwa kodi ya juu, na jengo likarudi kwenye kazi lililoundiwa.

Mkopo nao ulikuwa sehemu ya mbinu. Kampuni ya bima hukusanya michango kwa miaka mingi, hivyo hupenda kukopesha kwa muda mrefu dhidi ya jengo lenye wapangaji wanaolipa kila mwezi. Kodi ya pango ililipa riba na mtaji, na jengo likawa linajinunua lenyewe. Kennedy pia hakuliweka lote kwa jina lake. Sehemu kubwa ya umiliki ilikwenda kwa familia kupitia amana, nyingine kwa mfuko wa hisani uliobeba jina la mwanawe aliyefariki vitani. Kwa mpangilio huo, sehemu kubwa ya kukua kwa thamani ilikwenda kwa familia.

Mto unapoingia kwenye bei

Mali ya kando ya mto hubeba hatari ambayo haionekani siku ya kutembelea. Asubuhi ya tarehe 13 Aprili 1992 maji yaliingia orofa ya chini ya Merchandise Mart, na samaki wakaonekana humo. Mto haukuwa umefurika hata kidogo. Chini ya katikati ya Chicago kulikuwa na mahandaki ya reli ndogo ya mizigo, yaliyochimbwa kuanzia 1899 na kuachwa 1959, ambayo yalifika hadi orofa za chini za majengo makubwa. Septemba 1991, nguzo mpya za kulinda daraja la Kinzie Street zilipigiliwa mtoni na kuubana ukuta wa handaki lililopita chini yake. Mwanzoni mwa 1992 uvujaji ulionekana na kuripotiwa. Makadirio ya kuuziba yalikuwa kama dola 10,000, na maofisa wakayaona ni makubwa. Ukuta ulipopasuka, karibu lita bilioni moja za maji ya mto zilipita mahandakini, umeme wa katikati ya jiji ukazimwa, na hasara ikawa kubwa sana. Kesi ya kudai fidia ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua 1995 kwamba sheria za bahari ndizo zinazohusika, kwa kuwa kazi ilifanyika juu ya maji yanayopitika kwa vyombo.

Na bado, miaka sita baada ya samaki kuonekana, jengo liliuzwa kwa bei kubwa. Sababu ni kwamba hatari ilikuwa imejulikana. Chanzo kilipatikana, milango ya kuzuia maji ikajengwa mahandakini, na mahakama ikatoa neno lake. Mnunuzi huweka bei kwenye hatari anayoijua. Ile asiyoijua huikimbia, au hupunguza bei kwa kubahatisha, na siku zote hubahatisha kwa upande wake.

Mauzo ya pili

Mnunuzi wa 1998 alikuwa Vornado, kampuni ya hisa inayomiliki majengo. Fungu lilijumuisha jengo la mavazi la jirani lililofunguliwa 1977 na majengo mengine jijini Washington. Malipo yaligawanywa: fedha taslimu, madeni, na vipande vya ubia ndani ya Vornado vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100.

Vipande hivyo ndivyo kiini cha mauzo yote. Familia ingelipwa taslimu peke yake, kodi ya faida ingetozwa papo hapo, na ilikuwa kubwa kwa sababu gharama ya awali ilikuwa ya 1945. Sheria ya Marekani huruhusu mwenye jengo kuliingiza kwenye ubia na kupewa vipande bila kulipa kodi ya faida hadi atakapoviuza au kuvibadilisha kuwa hisa. Familia ilipata fedha za kugawana, ikaacha kutegemea jengo moja katika mji mmoja, na ikaendelea kushiriki faida. Christopher Kennedy, mjukuu wa mnunuzi wa kwanza, alibaki katika uongozi wa jengo kwa zaidi ya miaka 10. Wapangaji hawakuona mtikisiko.

Hukumu

Nikiyalinganisha, mauzo ya 1998 ndiyo yaliyofanywa vizuri zaidi. Mwaka 1945 Marshall Field iliitumia sheria ya kodi kwa ustadi, lakini ilikata kila uhusiano na mali ambayo thamani yake ilikuwa karibu kupanda. Ingeweza kubakisha asilimia kidogo ya umiliki, au kudai nyongeza ya bei endapo kodi za pango zingevuka kiwango fulani. Mwaka 1998 familia iliahirisha sehemu ya kodi na wakati huohuo ikabaki ndani.

Kwako wewe mwenye godauni na ofisi kando ya mto, kabla hujamwita dalali, andaa karatasi tatu. Ya kwanza iorodheshe kila mpangaji, anacholipa na tarehe mkataba wake unapokwisha. Ya pili ieleze mipaka ya hati yako, ardhini, chini yake na juu yake. Ya tatu iandike maji yaliingia lini, yalifika wapi na ulifanya nini. Usimfiche mnunuzi hiyo ya tatu. Kisha kaa na mhasibu kabla ya kutaja bei, kwa maana mwaka unaouza una uzito sawa na bei unayouzia.